Arobaini na Moja kwa Arobaini na Moja

Kuna nchi moja, sitaitaja, na wewe ukiitambua nyamaza, ambako kitu kinachoheshimiwa kuliko mvua ni msimamo. Si msimamo wa kusema kweli, la hasha, huo una kesi yake mahakamani. Ni msimamo wa kubaki ulivyo. Ukiwa mpumbavu asubuhi, uwe mpumbavu na jioni, ili serikali ijue pa kukupata. Ukiwa mwerevu, basi uwe mwerevu kidogo, kila siku kidogo kilekile, usije ukawashtua watu. Wahenga wa huko walikuwa wakisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Serikali ikaitafakari methali hiyo, ikaunda tume, tume ikazunguka nchi za nje kujifunza, ikarudi na masanduku yake mazito na pendekezo moja tu: kunyoa.

Mkuu wa nchi aliitwa Mheshimiwa Msawazishaji Mkuu. Inasemekana katika mitihani yote ya ujana wake alipata alama ileile moja. Ni ngapi, hakuna ajuaye, kwa kuwa alama hiyo imehifadhiwa kwa ajili ya usalama wa taifa.

Katika nchi hiyo alikuwapo binti mmoja aitwaye Sikudhani, mtoto wa pekee wa Bi Masika, muuza vitumbua. Sikudhani alitaka kuwa daktari. Hakulitaka hilo kwa sababu ya koti jeupe wala gari. Alilitaka tangu ana meno ya utoto, alipokuwa akiweka sikio mgongoni kwa mama yake akikohoa, akimwambia, "Vuta tena pumzi, mama, sijamaliza kusikiliza." Bi Masika alikuwa akivuta pumzi, huku mafuta yakiungua jikoni.

Na ole wake asipoupata huo udaktari. Kila kijana aliyekosa Chuo Kikuu aliingizwa Kikosi cha Makofi, ambako alipewa sare, kofia na filimbi, akapangiwa mzunguko wake wa barabara. Kazi ilikuwa kushangilia: kufunguliwa kwa bomba, kufungwa kwa bomba lilelile, kuwekwa kwa jiwe la msingi juu ya jiwe la msingi la mwaka jana. Watu walistaafu humo na viganja vigumu kama soli. Kwa hiyo kwa Sikudhani ilikuwa udaktari au makofi, na hapakuwa na njia ya tatu.

*

Mtihani wa kuingia Chuo ulikuwa na karatasi mbili, Hesabu na Lugha, na udaktari ulitaka themanini kila upande. Mwaka wa kwanza Sikudhani alipata themanini na nane katika Lugha. Katika Hesabu alipata hamsini na mbili.

"Usihuzunike," mwalimu wake akamwambia. "Sheria inaruhusu kurudia. Utakuja kupata Hesabu, na Chuo kitachukua kilicho kizuri huku na kilicho kizuri kule. Si ndivyo kilivyomfanyia Tunzo?"

Tunzo alikuwa mtoto wa Waziri wa Barabara. Huyu alirudia mtihani mara nne, na kila mara akiinuka huku anaanguka kule, mpaka Chuo kikaokota kipande hapa na kiraka pale, kikamshonea alama nzima. Siku ya kumpokea, Mwenyekiti wa Udahili alitokwa na machozi, akasema kijana huyu ana upeo mpana. Hakuna aliyecheka. Nchi ile watu wake wana adabu.

Basi Sikudhani akajifungia na hesabu mwaka mzima. Alikula akigawanya, alifua akizidisha. Siku ya mtihani wa pili, asubuhi, alitoka kwenye Hesabu anacheka peke yake, mama yake akidhani amepagawa.

Mchana ikaja Lugha. Insha ilikuwa hii: "Eleza umuhimu wa kutunza muda." Alikuwa amemaliza aya ya kwanza, na alikuwa na mengi ya kusema juu ya muda, pale msimamizi alipoingia akipuliza filimbi.

"Kalamu chini! Msafara wa Mheshimiwa unapita. Wote barabarani, na kila mtu awe na tawi mkononi!"

Wakasimama juani na matawi yao. Msafara haukuja, ukakawia, kisha ukaanza kuja na haukuisha. Yalipita magari ya ulinzi, yakapita magari ya kuyalinda magari ya ulinzi, likapita lori lililobeba kiti cha akiba cha Mheshimiwa, na mwisho akapita Mheshimiwa mwenyewe, kioo kimefungwa, amelala kinywa wazi. Wakaamriwa washangilie kwa kunong'ona wasije wakamwamsha. Wakanong'ona kwa nguvu zao zote.

Waliporudi chumbani, msimamizi aliwaruhusu wakae, wafute jasho, wapange karatasi zao vizuri. Kisha akapiga kengele ya kumaliza. Sikudhani akatoa insha yenye aya moja juu ya umuhimu wa kutunza muda.

Alama zikatoka. Hesabu, tisini. Lugha, arobaini na moja.

*

Chuo kilimwita mbele ya Kamati ya Udahili kueleza "hali ya kutokuwa sawa kwa alama." Huko mtahiniwa haendi peke yake. Desturi ni kwamba mzazi aje pia, aape kuwa mitihani yote miwili ilifanywa na mtoto mmoja.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, Bi Masika alikuwa akikoroga unga, na ushauri wake ulikuwa mfupi.

"Usitaje msafara."

"Lakini mama, ndio ukweli."

"Ukweli unaujua wewe, ninaujua mimi, na wao wanaujua. Wote tukishaujua, wa kuambiwa ni nani? Sema malaria. Nani hajaugua malaria?"

Asubuhi wakaingizwa katika chumba chenye zulia nene. Katikati alikaa Mwenyekiti, Profesa Ndimbwelu, mtu mwenye sauti ya redio ya zamani. Huku na huku walikaa wajumbe wa wizara: mama wa Afya, mzee wa Nishati, na bwana mmoja wa Kilimo ambaye shati lilikuwa linamkaba. Pembeni kabisa alikaa bwana wa miwani myeusi. Huyu hakutambulishwa, na hakuna aliyemuuliza.

"Shikamooni," Sikudhani akasema.

"Marahaba," wakajibu kwa pamoja, isipokuwa yule wa miwani.

"Binti," Profesa akaanza, "Chuo hakihukumu. Chuo hutazama. Na sisi tukizitazama alama zako tunaona milima na mabonde, jambo ambalo Wizara ya Ardhi imekwisha kutuhakikishia kuwa halipo nchini. Hesabu yako imepanda. Kwa nini imepanda? Maana yake mwaka wa kwanza uliificha akili hiyo. Ulimficha nani? Uliificha dola. Haya, Lugha yako imeshuka. Kwa nini imeshuka? Maana yake umeipoteza akili uliyokwisha kuionyesha, na akili ikishaonyeshwa, binti, huwa mali ya umma. Kwa hiyo wewe umeficha na pia umefuja. Umetuletea mchoyo na mbadhirifu katika gauni moja, na Chuo kina kitanda kimoja tu."

"Mbona Tunzo, Profesa, naye alipanda na..."

Bi Masika akamkanyaga mguu.

"Tunzo ana upeo," Profesa akasema bila hasira. "Wewe una mgongano. Ni vitu viwili tofauti."

"Tofauti yake ni ipi, Profesa?"

"Ungeijua tofauti yake, binti, sisi tungekuwa tunakula wapi? Eleza kushuka kwako."

Sikudhani akakumbuka ushauri wa mama yake. "Niliugua malaria."

Mama wa Afya akavua miwani polepole. "Malaria ilifutwa nchini kwa tamko. Nilikuwapo, tulikata na keki. Wewe hiyo malaria uliipata wapi? Umeiingiza kupitia mpaka gani?"

"Labda... labda haikuwa malaria. Umeme ulikatika, nikashindwa kujisomea."

Mzee wa Nishati akainuka kitini. "Umeme wetu haukatiki! Umeme wetu hupumzika. Kwani wewe hupumziki? Mama yako hapumziki? Umeme umekukosea nini hata uunyime haki ya kila kiumbe?"

"Ilikuwa njaa, basi," Sikudhani akasema. "Nilikwenda kwenye mtihani sijala."

Ikawa zamu ya bwana wa Kilimo. Alifungua kifungo kimoja cha shati, akaanza kulia. Alilia kwa kwikwi, mabega yakimtikisika, mpaka Profesa akamsogezea leso. "Taifa zima limeshiba," bwana yule akasema alipopata pumzi, "halafu mtoto mmoja, mmoja tu, anatuvunja moyo."

Hapo ndipo Sikudhani alipochoka. Ndugu yangu, kuna kuchoka ambako hata woga hukuachia njia. Akainua uso, akasema kwa sauti ambayo mama yake hakuwa amewahi kuisikia:

"Tulitolewa kwenye mtihani kwenda kushangilia msafara wa Mheshimiwa. Tuliporudi, muda ulikuwa umekwisha."

Feni ya juu iliendelea kuzunguka. Karani wa Kamati alikuwa ameinamia karatasi yake, akainua kalamu na kuishikilia hewani, kana kwamba karatasi imepata moto. Mama wa Afya alitazama zulia. Na yule bwana wa pembeni, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akavua miwani yake myeusi, akaifuta kwa ncha ya tai, akauliza kwa upole sana:

"Msafara upi, mwanangu?"

Upole ule ndio uliomtia Bi Masika wazimu. Mwanamke aliyelea mtoto peke yake anajua sauti ya fisi hata ikisema kwa adabu. Alijitupa magotini juu ya zulia, kilemba kikamtoka.

"Msimsikilize, waheshimiwa! Mwanangu ni mjinga! Ni mjinga tu, alizaliwa hivyo, msimamo wake ni huohuo! Hakukuwa na msafara, hakukuwa na njaa, hakukuwa na kitu chochote! Alishuka kwa ujinga wake mwenyewe!"

"Mama!" Sikudhani akasema.

"Nyamaza, mjinga wewe!" mama yake akamkemea huku machozi yanamtiririka.

Wajumbe wakatazamana. Mama wa Afya akatazama kama ujinga uko chini ya Afya, haukuwa chini yake. Mzee wa Nishati akapima, haukuwa wake. Ujinga haukuwa na wizara, ingawa wako wananchi wenye maoni tofauti kuhusu hilo. Chumba kizima kikashusha pumzi.

"Andika," Profesa akamwambia karani kwa sauti iliyojaa faraja. "Andika: mjinga."

Bwana wa pembeni akairudisha miwani yake usoni.

*

Mtu akishaandikwa mjinga, serikali humhurumia. Profesa Ndimbwelu alitoa uamuzi siku hiyohiyo, naye aliutoa akiwa amesimama, mkono kifuani. Sikudhani ataruhusiwa kufanya mtihani mara ya tatu na ya mwisho. Kwa kuwa arobaini na moja ndiyo alama aliyoieleza kwa uaminifu, basi hiyo ndiyo yake halisi, nyingine zilikuwa ajali. Alete arobaini na moja ya Lugha, na arobaini na moja ya Hesabu, Chuo kitampokea.

"Na ile themanini ya udaktari?" Bi Masika akauliza.

"Themanini ni ya wenye milima, mama. Mwenye mstari hupimwa kwa mstari."

"Na akipata zaidi?"

"Atakuwa ametudanganya," Profesa akasema, "na Kikosi cha Makofi kinahitaji vijana."

Sikudhani na mama yake wakashika njia ya kurudi nyumbani. Mama yake alimshika mkono mara mbili, na mara mbili akautoa. Bi Masika hakumlaumu. Alijua alilolifanya, na angelifanya tena.

*

Kwa bahati, Bi Masika alikuwa na kaka yake, Machano, ambaye zamani alikuwa mwalimu wa hesabu wa serikali. Alifukuzwa kazi darasa lake lilipofaulu lote, kosa ambalo halina rufaa. Sasa alikuwa na kibanda nyuma ya saluni ya kinyozi, akifundisha twisheni ya kushusha. Usicheke. Wanafunzi walikuwa tele, watoto wa watu wenye akili zao, kila mmoja amekuja kupunguza.

"Kuanguka kila mtu anaweza, mpwa wangu," Mjomba Machano alimwambia siku ya kwanza. "Mjinga huanguka, lakini hajui ataangukia wapi. Wewe unatakiwa uanguke uketi juu ya arobaini na moja, usiiguse arobaini, usiisogelee arobaini na mbili. Huo ndio usomi wenyewe. Haya, saba mara nane?"

"Hamsini na sita."

Mjomba akapiga meza. "Nani amekuomba hamsini na sita?"

"Basi... elfu moja."

"Elfu moja watajua unawacheka, watakufunga. Kosa liwe na heshima, mpwa wangu. Andika hamsini na nne. Hamsini na nne ni kosa la mtu aliyejitahidi. Anayesahihisha akiliona anakuonea huruma, na mwenye huruma haulizi maswali."

Lakini mkono wa Sikudhani ulikuwa mkaidi. Kichwa kilikuwa kikisema hamsini na nne, mkono ukiandika hamsini na sita. Mjomba alikuwa akifuta, akigomba, "Tena umepata! Mtoto gani huyu haambiliki?" Akamfundisha kulitazama jibu sahihi, kulipa kisogo, kisha kuchukua jirani yake. Katika Lugha alimfundisha kuandika sentensi inayoanza vizuri na kuchoka njiani.

Wiki zikaenda, mkono ukaanza kusikia. Siku alipoandika hamsini na nne bila kusita, bila hata kulitafuta, mjomba wake alimkumbatia mbele ya wanafunzi wote. "Umefaulu kufeli!" akasema, na wenzake wakashangilia. Sikudhani akatabasamu kwa adabu. Kisha akaenda nyuma ya kibanda, kwenye nywele za kinyozi zilizofagiwa, akalia mpaka kichwa kikamuuma.

Nyumbani nako mambo yakaanza kuonekana. Mteja akitaka vitumbua ishirini alikuwa akimfungia kumi na nane. Jirani akimuuliza leo ni siku gani, alikuwa akimtajia ya jana. Mwanzo Bi Masika alicheka, akasema mtoto amekolea masomo. Siku moja akamuuliza kama maji ya chai yamechemka.

"Bado," Sikudhani akajibu, ameketi mbele ya sufuria ambayo kifuniko chake kilikuwa kinaruka.

Bi Masika alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaipua sufuria mwenyewe, akajiambia ni kwa muda tu.

*

Siku ya mtihani wa tatu hapakuwa na msafara, hapakuwa na filimbi. Chumba kilikuwa kimya na kizuri kama vile Sikudhani alivyokuwa akikiomba miaka yote miwili iliyopita. Maswali ya Hesabu alikuwa akiyajua yote. Alipofika la mwisho, swali zuri lililofungwa kwa ufundi na linalofunguka kwa hatua chache tu, alilitazama kwa hamu, ikamuuma kweli. Alilifungua akilini mpaka mwisho. Kisha akaandika jirani yake.

Katika Lugha, sentensi moja ilimponyoka ikawa nzuri. Aliisoma mara mbili. Akaikata kwa mstari.

Matokeo yalipotoka, redio iliyatangaza kabla ya habari za Mheshimiwa kuamka. Arobaini na moja kwa arobaini na moja. Mtaani wanawake wakapiga vigelegele. Mjomba Machano alibebwa juu juu mpaka kibandani kwake, na wateja wa kinyozi wakanyolewa bure. Bi Masika aligawa vitumbua kwa wapita njia, akisema, "Mwanangu daktari, mwanangu daktari," akicheka na kulia kwa wakati mmoja.

Katika sherehe ya kuwapokea wanafunzi, Profesa Ndimbwelu alichora alama za Sikudhani ubaoni kwa rula. "Utazameni mstari huu!" akasema. "Mpira ukiuweka hapa haubingiriki! Watu wanatuuliza Chuo kinataka nini. Chuo hakitaki akili nyingi, ndugu zangu. Akili nyingi zina kelele. Chuo kinataka akili iliyotulia!" Ukumbi ukasimama. Sikudhani naye akasimama, na alikuwa anamtafuta mama yake kwa macho, kwa sababu hakujua aelekeze wapi uso.

*

Miaka ya Chuo ilikwenda vivyo hivyo. Darasani mwalimu akiuliza swali, hakuna aliyeinua mkono kabla ya kiongozi wa darasa, Tunzo, aliyerudia mwaka mpaka Sikudhani akamkuta. Tunzo akitaja jibu, lolote lile, ndilo lililoandikwa. Wastani wa darasa ulikuwa sheria, na aliyeuzidi alipewa onyo. Mkuu wa Kitivo cha Tiba, jino likimuuma, alikuwa akipanda ndege kwenda ng'ambo, na wanafunzi wa udaktari wakimsindikiza mpaka uwanjani wakimpungia.

Sikudhani alisoma kwa bidii, na hili nataka lijulikane. Alisoma kila kitu. Mwanzoni alikuwa akilijua jibu, kisha akilishusha. Alikuwa na hakika kwamba lile la kweli limekaa mahali salama ndani yake, na kwamba siku akitoka atakwenda kulichukua. Baadaye, hata hakuweza kusema ni lini, jibu lilianza kumjia likiwa limeshashuka. Akilitafuta la juu alikuwa akilikosa, au akipata mawili na hajui lipi ni lipi.

Hakumwambia mtu. Alihitimu kwa arobaini na moja, akapewa koti jeupe na kupangiwa hospitali ya mkoa ule ule aliozaliwa. Mganga mkuu wa hospitali alikuwa Daktari Tunzo, kwa ajili ya upeo wake.

*

Ilikuwa mwaka wa pili wa kazi pale Bi Masika alipoletwa wodini kwenye bajaji ya jirani. Sukari ilikuwa imempanda vibaya sana. Midomo imekauka, pumzi inanukia kama matunda yaliyooza, macho yanazama na kurudi. Daktari Tunzo alikuwa kwenye semina. Nesi alileta dawa akaiweka mezani, akasema, "Insulini ndiyo hii, daktari. Wewe ndiye wa kupima," kisha akaitwa kitanda kingine.

Sikudhani akapiga hesabu ya dawa. Akavuta kwenye bomba la sindano, akalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akagonga kwa kucha mapovu yatoke. Mikono yake ilikuwa mizuri kuitazama, mikono ya daktari hasa. Akasogea kitandani.

"Mama, nipe mkono."

Bi Masika akafumbua macho. Alimtambua mwanawe, akatabasamu. Kisha akaiona sindano, na tabasamu likaganda.

"Umepima?"

"Nimepima, mama."

"Umepima kwa alama zipi, mwanangu?" akauliza kwa sauti ndogo, ya mtu anayeogopa kuudhi. "Zile zako? Au zile tulizokufundisha?"

  Sikudhani akaiweka sindano kwenye sahani, akachukua kipande cha karatasi, akapiga hesabu upya tangu mwanzo, jasho likimtoka kwenye paji la uso. Akapata jibu jingine. Akapiga tena. Akapata lile la kwanza. Akayatazama yote mawili, moja juu ya jingine, na yote mawili yalikuwa na heshima.

"Sijui, mama," akasema, na machozi yakamdondokea kwenye koti. "Wallahi sijui. Nilikuwa najua."

Bi Masika akageuza kichwa, akaitazama wodi. Wagonjwa walikuwa wamelala wawili wawili, nesi mmoja anakimbia huku na huku.

"Hakuna daktari mwingine?"

"Yupo Tunzo, akirudi."

 Pumzi ya Bi Masika ilikuwa ikivutwa kwa shida, na mwanawe alikuwa akiisikia bila kuweka sikio. Baadaye kidogo yule mama akakunja mkono wa gauni lake mpaka begani, polepole, kwa vidole visivyo na nguvu, akaunyoosha mkono juu ya shuka. Akageuzia uso ukutani.

"Bismillahi," akasema. "Choma."